Kasoro Iliyotajwa: Nia Njema Katika Minada ya Mtandaoni

Septemba 1995, Pierre Omidyar, mtaalamu wa kompyuta wa miaka 28 aliyekuwa akiishi California, alifungua ukurasa wa mnada kwenye intaneti na kuweka humo kitochi cha leza, kile ambacho wahadhiri hutumia kuelekeza mambo ukutani. Kitochi kilikuwa kimeharibika, na aliandika wazi kwamba kimeharibika. Madau yakapanda mpaka dola 14.83. Kwa simulizi ambayo kampuni yenyewe imeirudia mara nyingi, Omidyar alimwandikia mshindi kumuuliza kama ameelewa kuwa kitu hicho hakifanyi kazi. Akajibiwa kwamba ameelewa vizuri, kwani yeye hukusanya vitochi vya leza vilivyoharibika. Ukurasa ule ndio uliokuja kuitwa eBay.

Watu wengi hukisimulia kisa hiki kuonyesha kwamba mtandaoni kila kitu kina mnunuzi wake. Mimi kila nikikisoma huona jambo jingine. Watu wawili wasiojuana walimaliza biashara bila kinyongo kwa sababu kasoro ilitajwa kabla fedha hazijatoka mfukoni, na muuzaji akarudi kuuliza tena ili awe na hakika kwamba hamdhulumu mtu. Miaka thelathini iliyofuata imejaribu kila njia ya kuwafanya wageni waaminiane katika minada ya mtandaoni: alama, nyota, kanuni, bima, watu wa kati. Ukizipima njia hizo moja baada ya nyingine, utakuta zile zilizofaulu ndizo zilizomrahisishia mtu kusema ukweli mapema, na zile zilizokwama ndizo zilizomfanya auogope.

Soko lisilo na mkono wa kupapasa

Nenda Karume, Ilala, asubuhi robota la mitumba likifunguliwa. Muuzaji amesimama juu ya meza anataja bei, na chini yake mikono inafanya kazi: mmoja anavuta mshono, mwingine anageuza kola kutafuta jasho la zamani, wa tatu ananyoosha shati kwenye mwanga kuona kama lina tundu. Hapo methali inayosema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza ina maana kamili, kwa kuwa macho na vidole ndiyo mahakama. Isitoshe, muuzaji huyo kesho atakuwa pale pale. Akikupiga leo, kesho unamkuta mezani.

Mtandaoni vyote viwili hujitembeza, kizuri na kibaya, na vyote vina picha nzuri. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alieleza hatari ya hali hiyo kwa mfano wa magari yaliyotumika. Mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na bovu hutoa bei ya katikati. Bei hiyo humkatisha tamaa mwenye gari zima, naye hulitoa sokoni, na mwishowe soko hubaki na mabovu. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, akishirikiana na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Uchungu wake ni kwamba soko huweza kuvunjika hata kama wengi ni waaminifu. Inatosha tu waaminifu wakose njia ya kujitambulisha.

Mnada huongeza tatizo juu ya hilo. Mshindi wa mnada ndiye aliyekithamini kitu kupita wenzake wote. Taarifa zikiwa haba, huenda ameshinda kwa sababu ndiye aliyekosea zaidi. Kwa hiyo mtu mwenye busara hupunguza dau lake pale anapoona giza, na giza hilo analilipia muuzaji. Kuficha kasoro hudhaniwa kuwa faida, kumbe mnunuzi makini amekwisha kuikata kasoro hiyo kwenye bei kabla hajaiona. Mwanauchumi Gregory Lewis alipochambua minada ya magari kwenye eBay, katika makala yaliyotoka mwaka 2011, alikuta kwamba wauzaji walioweka picha nyingi na maelezo mengi walipata bei bora. Maneno yaliyoandikwa hubana, kwa kuwa aliyeandika kwamba gari halina kutu anaweza kushikwa kwa maneno yake.

Daftari la watu wasiojuana

Mwanzoni Omidyar alikuwa akipokea malalamiko kwa barua pepe yake mwenyewe: huyu hajalipa, yule hajatuma mzigo. Februari 1996 alichapisha barua ya wazi kwa watumiaji. Alieleza imani yake kwamba watu wengi ni waaminifu, kwamba wachache wasio waaminifu wapo na watakuwepo, na kwamba njia ya kuwashinda ni kila mtu kusema hadharani alivyotendewa. Akawapa mahali pa kusemea. Aliyetendewa vyema aliandika sifa na kumwongezea mwenzake alama moja, aliyetendewa vibaya aliandika lawama na kumpunguzia moja, na jumla ikakaa kando ya jina. Aliyeshuka mpaka alama nne chini ya sifuri alitolewa sokoni.

Wafanyabiashara wetu wana msemo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Omidyar aliandika daftari la aina nyingine, lile la majina. Mtaani, jina la mtu hutunzwa na majirani, msikiti, kanisa na chama cha kuweka na kukopa. Mgeni wa mtandaoni hana hata kimoja cha hivyo. Daftari likawa ndilo jirani yake.

Jambo la kushangaza ni kwamba watu waliliandika. Ukishapokea mzigo wako, kuandika maoni hakukuingizii kitu, na faida yote inakwenda kwa mnunuzi wa kesho usiyemjua. Hesabu za uchumi zingesema watu wataacha. Lakini watafiti Paul Resnick na Richard Zeckhauser walipopitia miamala ya eBay ya mwaka 1999, walikuta zaidi ya nusu ya wanunuzi waliandika. Huo ndio uungwana wenyewe, unaofanana na kusimama njiani kumwonya dereva usiyemjua kwamba mbele daraja limekatika.

Daftari lilikuwa na thamani inayohesabika. Resnick, Zeckhauser na wenzao walishirikiana na muuzaji mzoefu wa postikadi za zamani. Kadi zilizofanana ziliuzwa, nyingine kwa jina lake lililojulikana, nyingine kwa majina mapya yasiyo na historia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba wanunuzi walikuwa tayari kulipa asilimia 8.1 zaidi kwa jina linalojulikana. Bidhaa zilikuwa zile zile na mikono iliyozifunga ilikuwa ile ile, ila jina ndilo lililotofautiana. Wachunguzi wengine wawili, Luís Cabral na Ali Hortaçsu, walionyesha upande wa pili mwaka 2010. Muuzaji aliyekuwa akikua kwa asilimia 5 kwa wiki, akipata lawama yake ya kwanza, mauzo yake huanza kushuka kwa asilimia 8 kwa wiki. Walikuta pia kwamba wauzaji wanaokaribia kuondoka sokoni hupata lawama nyingi kuliko kawaida yao. Mtu akishaamua kwamba jina halimhusu tena, anakula mtaji wa jina hilo.

Udhaifu mmoja ulionekana mapema. Mtandaoni jina jipya ni rahisi, kwa hiyo aliyechafua la kwanza hufungua la pili. Soko likajilinda kwa kumshuku kila mgeni. Kijana mwaminifu anayeanza leo hulipishwa gharama za tapeli wa jana aliyebadilisha jina. Atauza kwa bei ya chini kwa muda, mpaka daftari lake lijae. Si haki kamili, lakini kila mwenye duka jipya mtaani ameipitia njia hiyo.

Sifa zilipozidi

Katika miamala ile ile ya 1999, zaidi ya asilimia 99 ya maoni ya wanunuzi yalikuwa ya sifa. Ukisikia hivyo kwa haraka utafurahi. Ukikaa ukafikiri, utajiuliza ni kijiji gani ambacho watu mia hufanya biashara na tisini na tisa wanaridhika kabisa.

Sababu ilikuwa ndani ya kanuni. Muuzaji na mnunuzi waliandikiana wote wawili, na aliyeandika wa pili alikwisha kusoma ya wa kwanza. Ukinilaumu, nakulaumu. Muuzaji aliweza kusubiri, maoni yake yakiwa kama fimbo nyuma ya mgongo. Mnunuzi aliyepokea kikombe chenye ufa alipima: nikisema ukweli, jina langu litachafuka na kesho hakuna atakayeniuzia. Akaandika kwamba mambo yote yalikuwa mazuri, au akanyamaza. Daftari lililoanzishwa kwa ajili ya ukweli likawa daftari la kulindana. Kwa nje lilifanana na nia njema, nalo lilimwacha mnunuzi wa kesho apokee kikombe chenye ufa.

Kimya kile hakikuwa kitupu. Watafiti Chris Nosko na Steven Tadelis walipata nafasi ya kuona takwimu za ndani za eBay na wakahesabu sifa za muuzaji dhidi ya miamala yake yote, ikiwemo ile ambayo mnunuzi hakuandika lolote. Wauzaji ambao kwa alama za wazi walikuwa sawa wakatengana. Wale waliozungukwa na kimya kingi ndio waliowatendea wateja vibaya zaidi, na wateja wao ndio walioelekea kupunguza ununuzi au kuondoka kabisa. Waswahili walikwisha kusema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mwaka 2007 kampuni iliongeza vipimo vinne vya kumpima muuzaji: je, bidhaa ilifanana na maelezo, mawasiliano yalikuwaje, mzigo ulitumwa upesi, na gharama za kutuma zilikuwa za haki. Vipimo hivyo vilionyeshwa kwa wastani tu, bila kumtaja aliyetoa. Mei 2008 ikafika mbali zaidi: muuzaji akazuiwa kabisa kumwandikia mnunuzi lawama. Wauzaji walikasirika. Februari ya mwaka huo, mabadiliko yalipokwisha kutangazwa, wengine waligoma kuuza.

Nimewahi kuwaona watu wakilibishania hilo kama vile upande mmoja lazima uwe na kosa. Wanunuzi walikuwa wakweli waliposema wanaogopa. Wauzaji nao walikuwa wakweli. Mnunuzi anayeshinda mnada halafu asilipe anamharibia muuzaji wiki nzima, na kuwapotezea nafasi wale waliokuwa na dau la pili na la tatu. Yupo pia anayepokea simu nzima na kurudisha iliyovunjika. Mabadiliko ya 2008 yalifungua mdomo wa mnunuzi kwa kumfunga muuzaji wake, na muuzaji asiye na sauti huanza kumwona kila mteja kama mshitaki. Wanauchumi Gary Bolton, Ben Greiner na Axel Ockenfels, waliolichunguza tatizo hili kwa kina na kuchapisha mwaka 2013, walionyesha kwamba ipo njia isiyomnyamazisha yeyote: kila upande uandike bila kuona ya mwenzake, kisha yafunguliwe pamoja. Huo ni uadilifu wa kawaida kabisa. Ndivyo hakimu mzuri wa baraza anavyowasikiliza wagomvi wawili, kila mmoja peke yake, kabla hajawakalisha pamoja.

Waliojiona wajanja

Mei 2000 ilitokea kwenye eBay picha ya kuchora iliyoanza kwa senti 25. Muuzaji aliieleza kama mtu asiyejua sanaa: picha kubwa ya zamani, ina tundu. Kwenye kona ilionekana sahihi yenye herufi ambazo wajuzi walizisoma kuwa za Richard Diebenkorn, mchoraji mashuhuri wa California. Madau yakaruka mpaka dola 135,805. Baadaye ikagundulika kwamba muuzaji alikuwa wakili, kwamba yeye na wenzake walikuwa wakiwekeana madau ya bandia kwa majina mengi, na kwamba sahihi ilikuwa ya kughushi. Kampuni ilibatilisha mauzo, na mwaka 2001 wakili huyo alikiri hatia mbele ya mahakama ya shirikisho.

Kisa hiki huhesabiwa kuwa cha utapeli wa muuzaji, na ni kweli. Lakini mtego wake ulifanya kazi kwa sababu ulitegwa kwa pupa ya wanunuzi. Walioweka madau waliamini wameona ambacho mwenye mali hakukiona. Walimdhania mjinga, na badala ya kumwambia ana nini mkononi, walikimbilia kumnunulia ujinga wake. Tunapozungumzia nia njema sokoni huwa tunamtazama muuzaji peke yake. Ukweli ni deni la pande zote mbili, na mnunuzi anayefurahia kumpunja mwenye kitu amejiweka mwenyewe katika njia ya tapeli.

Fedha zikishikwa na mtu wa kati

China walianza upande mwingine. Soko la Taobao lilifunguliwa mwaka 2003, na haikupita muda mrefu likaja na Alipay. Mnunuzi hulipa, fedha hushikwa katikati, na muuzaji hazipati mpaka mnunuzi athibitishe kuwa mzigo umefika. Pamoja na hilo waliweka njia ya muuzaji na mnunuzi kuzungumza papo kwa papo kabla ya kununua. eBay ilichelea mazungumzo ya moja kwa moja kwa kuhofia watu wangeuziana pembeni bila kulipa ada, na mwishoni mwa 2006 ikajiondoa katika uendeshaji wa soko lake la China.

Sidai kwamba mazungumzo peke yake ndiyo yaliyoamua ushindani ule. Ila mtu yeyote aliyekulia Kariakoo au Kongowea anaelewa nguvu yake. Kuuliza bei, kutania, kuuliza tena na kujibiwa hukupa kitu ambacho nyota tano hazikupi: unasikia jinsi mtu anavyojibu swali gumu. Anayekwepa swali moja kuhusu betri amekwisha kukujibu.

Karatasi ya mnada wa Japani

Mnada unaogusa barabara zetu zaidi ni ule wa magari ya Japani. Magari mengi tunayoyaona Dar es Salaam, Mombasa na Kampala yalipitia kwenye kumbi za mnada huko, ambako gari moja hunadiwa kwa muda usiofika hata dakika, na wanunuzi wengine hawamo ukumbini kabisa, wako kwenye kompyuta. Hakuna muda wa kupapasa. Kinachobeba biashara yote ni karatasi moja.

Itazame kwa karibu. Juu kuna namba ya daraja: 5 ni karibu na jipya, 4 ni zuri, 3 limechoka, na herufi R humaanisha lilipata ajali likatengenezwa. Ndani ya gari hupewa herufi yake, A hadi D. Chini kuna mchoro wa gari lililotandazwa kama ngozi ya mbuzi, na juu ya mchoro huo mkaguzi ametia alama: A1 kwenye mlango wa nyuma ni mkwaruzo mdogo, U2 kwenye bampa ni bonde, W ni mahali paliponyooshwa na kupigwa rangi upya, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Mkaguzi si muuzaji wala mnunuzi. Kazi yake ni kutaja kasoro, na hulipwa kwa kuzitaja. Gari lenye alama kumi huuzwa bila shida yoyote, kwa bei ya gari lenye alama kumi.

Balaa huanzia pale karatasi inapobaki nyuma na gari likaja peke yake. Gari la daraja R hufika kwenye yadi ya mauzo, hupigwa polishi na kuitwa safi kama jipya. Ukweli ulikuwapo, umeandikwa kwa mkono wa mtu makini, na mtu fulani kati ya bandari na yadi ameamua kuutupa. Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayeagiza gari ni mmoja kabla ya mengine yote: omba karatasi ya mnada, na mwambie muuzaji akusomee kila alama. Ukiambiwa karatasi imepotea, weka fedha zako mfukoni.

Mlango wetu wenyewe

Kwetu, mnada mkubwa wa mtandaoni hauna jina wala ukumbi. Uko Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtu anapandisha picha, watu wanaweka bei, wa mwisho anachukua. Hakuna daftari linaloheshimika: maoni mabaya hufutwa na mwenye ukurasa kwa kidole kimoja. Bei yenyewe mara nyingi imefichwa, unaambiwa uje DM, na huko kila mtu hutajiwa yake. Fedha hutumwa kwa simu, na ya kutolea, na zikishaingia kwa mwenzako, kuzirudisha ni kazi. Kwa kukosa mtu wa kati tumebuni wa kwetu. Mzigo wa mkoani hupandishwa basi, muuzaji anapiga picha risiti, namba ya gari na simu ya kondakta, anakutumia. Uaminifu wa biashara nzima unalala juu ya kipande kile cha karatasi.

Nililipa hivyo siku moja kwa laptopu iliyotumika. Kabla sijatuma fedha, muuzaji alinitumia video ambayo sikuiomba. Aliizungusha laptopu polepole, akaiwasha, akafungua ukurasa wa betri, kisha akaleta kamera karibu na kona ya kushoto. "Kaka, bawaba hii imelegea," alisema. "Ukifungua, shika na mkono mwingine. Nimekutolea elfu ishirini kwa ajili yake." Nilituma fedha dakika ile ile, bila kumwomba apunguze zaidi. Kwa jinsi ninavyojijua, kama angeiita laptopu ile safi kabisa, ningebishana naye mpaka jioni.

Video ile ya dakika moja ilifanya kwa ridhaa ya mtu kile ambacho masoko makubwa yamehangaika kukilazimisha kwa kanuni tangu 1996. Haikuhitaji programu mpya. Ilihitaji muuzaji aliyepiga hesabu mpaka kesho, na mnunuzi ambaye hakuitumia kasoro iliyotajwa kuwa fimbo ya kumpigia aliyeitaja. Sehemu hii ya pili ni yetu. Kila mara tunapomkandamiza muuzaji mkweli kwa sababu amesema ukweli, tunamfundisha anyamaze safari ijayo.

Mzigo ulipofika, niliingia kwenye ukurasa wake kuandika maoni. Juu yangu kulikuwa na mistari mingi iliyofanana: asante, mzigo umefika, mungu akubariki. Yote ilikuwa mizuri, na hakuna hata mmoja ulioniambia lolote. Nikaandika: "Nimeipokea. Betri ni nzima. Bawaba ya kushoto imelegea, kama alivyosema."

Hakuyafuta maoni yangu. Baada ya wiki chache alinipigia simu kunishukuru: wateja watatu walimwambia wamekuja kwa sababu ya mstari ule.